Mama Mkwe na Vinyangarika

Jumatatu, 4 Machi

Kazini naandika kasoro za gemu kutwa nzima: mti umeota hewani, farasi amezama sakafuni, mtu anatembea kinyumenyume. Nimeona niwe na daftari la kasoro za nyumbani pia, maana zimeanza rasmi leo. Mvua imeanza na Mama amehamia kwetu.

Mama ni mama wa mume wangu. Wangu alishatangulia, kwa hiyo neno hilo nyumbani kwetu lina mtu mmoja tu wa kulipokea. Mwaka jana alipigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, maneno yalirudi yote na nyongeza, ila mkono wa kushoto umebaki nyuma. Anaishi peke yake kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, na paa lake linavuja upande wa chumbani. Shemeji yangu, Kaka Mkubwa, ameamua kwamba mvua zote akae kwetu, zikiisha ndipo “tutaamua akae wapi moja kwa moja.” Alilisema hilo mbele yake, kana kwamba amelala.

Mama alikuwa hajalala. Alisema, “Mkishaamua mnijulishe na mimi.”

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mama ameniambia nakata vitunguu kama mtu anayelipiza kisasi.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimerudi nimechoka na nimekasirika, na sababu ni ileile: vinyangarika.

Nieleze, isije siku nikasoma daftari hili nikajiona mwendawazimu. Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya duka la magodoro, tunatengeneza gemu la nchi pana ambamo mchezaji anakwenda popote anapotaka. Bosi wetu tunamwita Saa Mia, kwa sababu aliwaahidi wanunuzi gemu la saa mia moja na nchi tuliyonayo inatosha saa kumi na tano. Pengo hilo ndilo linalozibwa na vinyangarika.

Kinyangarika ni kitu cha ukubwa wa mbuzi mchanga, mdomo umekula nusu ya mwili. Kinakufa kwa pigo moja. Kikikuuma hupati jeraha la maana. Lakini kikikuona tu kinakujia mbio huku kinapiga yowe, hata kama jana umeua joka na umevaa chuma mwili mzima. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Kinyangarika siku hiyo hakikuhudhuria. Na aliyekifanya kiwe hivyo ni mimi. Niliagizwa kisiogope, kisichoke, kisipime uzito wa mtu. Nimekitengeneza vizuri mno.

Watu waliojaribu gemu wanalalamika. Mmoja kaandika, “Nilitaka kuangalia maua tu.” Nikampelekea Saa Mia. Akacheka.

“Hizo ni kelele za chura,” akasema. “Hazimzuii ng’ombe kunywa maji.”

“Bosi, huyu chura wetu anamuuma ng’ombe mguu kila akiinama.”

“Basi atakunywa polepole. Polepole ndiyo saa zenyewe.”

Nikarudi kwenye kiti changu. Ninavichukia vitu vyangu mwenyewe.

Jumanne, 12 Machi

Mtaalamu wa viungo amekuja. Amesema mkono wa Mama unaweza kurudi kiasi cha kujihudumia, lakini usipofanyishwa kazi sasa hautarudi tena. Amemwachia mpira laini wa kuminya. Alipotoka tu Mama akautupa chini ya kochi.

“Mama, mpira.”

“Mimi nimekuwa paka?”

Mume wangu alijaribu kubembeleza. Yeye ni fundi umeme, anashika nyaya zenye moto mchana kutwa bila kusita, lakini mama yake akikaza sauti anatafuta kitu cha kufanya chumba kingine. Alienda kutazama kama dirisha la jikoni limefungwa. Lilikuwa limefungwa.

Kwa upande wangu nimeona ubaya wa jambo hili waziwazi. Kaka Mkubwa ana chumba cha uani nyumbani kwake, karibu na tangi la maji, na ameshakipaka rangi. Mkono usiporudi, Mama ataishi humo, na nyumba yake itapangishwa. Mama analijua hilo. Na bado mpira uko chini ya kochi.

Alhamisi, 14 Machi

Ameniambia nguo zangu naanika kama naficha kitu. Jana yalikuwa maji ya chai. Juzi viatu mlangoni. Hakuna neno lake hata moja linaloumiza kweli, ila sipiti kutoka chumbani hadi jikoni bila kuumwa mguuni. Nimemwambia mume wangu: nimetoka kwa vinyangarika vya ofisini nakuta kingine kimekaa kwenye kochi. Akaniambia nipunguze sauti.

Jumamosi, 16 Machi

Kumetokea jambo.

Nilileta kazi nyumbani, nikaunganisha gemu kwenye televisheni ya sebuleni. Mama alikuwa anakunywa uji na kukosoa. Kwanza farasi wetu hana mbavu, halafu nyasi zetu hazijui kuinama. Halafu akanyamaza, na Mama akinyamaza mtu lazima ageuke.

“Ile nyumba kule juu kilimani ni ya nani?”

Mbali kabisa kuna kilima, na juu yake nyumba ndogo nyeupe yenye mlango wa buluu. Sijawahi kufika. Nikamwambia sijui.

“Umefanya kazi hapo mwaka wa pili hujui nani anakaa pale? Nipe hicho kidude.”

Nikampa pedi ya kuchezea. Nilimwonyesha: dole gumba la kushoto ndilo linalotembeza mtu, kidole cha shahada cha kushoto kinainua ngao, mkono wa kulia unapiga upanga. Nilipokuwa nasema “kushoto” mara ya pili tukatazamana, na wote tukajifanya hatujaona kitu.

Dole gumba lake lilikuwa zito. Mtu kwenye kioo alikwenda upande kama mlevi, akagonga mti, akarudi, akaanza tena. Mama alikuwa amekunja uso wote. Akaufikia ukingo wa nyasi. Kinyangarika kikatoka kichakani kikipiga yowe, akashindwa kugeuka, kikamuuma, kikamuuma, kikamuuma, mpaka akafa.

Nilikuwa sijawahi kuona mtu akiuawa na kinyangarika kimoja. Kwa kuuma kule inachukua dakika nzima.

“Huyu mpumbavu ananijua mimi?” Mama akauliza. Akaanza upya.

Jumapili, 17 Machi

Amekufa asubuhi, mchana na jioni. Uji umepoa.

Jumatano, 20 Machi

Kila nikirudi namkuta ameketi na shali mabegani, televisheni inapiga yowe. Mama alikuwa karani wa mizani, pale barabara kuu malori yanapopimwa uzito, miaka mingi, na anawatukana vinyangarika kama alivyokuwa akiwatukana madereva waliozidisha mzigo. “Wewe, rudi nyuma! Nani kakuita? Karatasi zako ziko wapi?” Halafu wanamuua.

Mume wangu kaona vichekesho. “Mama, hao hata mtoto anawaua.”

“Mlete huyo mtoto mwenye mkono wangu.”

Akaenda kutazama dirisha la jikoni.

Mimi sicheki tena. Nimeketi nyuma yake leo nikaangalia kazi yangu ikifanya nilichoiagiza. Sisi ofisini tunaviita dhaifu. Dhaifu kwa nani? Kwa vijana wenye vidole kumi vyepesi. Sikuwahi kumwuliza mtu mwingine yeyote. Mama anapiga hatua tano, kinamjia kimoja. Anahangaika nacho, anakiua, anashusha pumzi, anapiga hatua nyingine tano, vinakuja viwili. Hapati hata nafasi ya kuangalia anakokwenda. Kilima kiko palepale na nyumba iko palepale.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua imeingia ofisini kupitia dari, tumeweka ndoo katikati ya meza. Nimekwenda kwa Saa Mia na ombi la maana: vinyangarika vipime mtu. Vikiona mchezaji mkubwa vikimbie, na vikiona anayekwenda polepole, hataki vita, vimwache.

“Kwa nini?”

Nikamweleza habari za Mama. Nilieleza vizuri kabisa, mpaka dole gumba.

“Pole sana,” akasema, na nadhani alimaanisha. “Lakini mama mkwe wako ndiye atakayenunua?”

“Anaweza kununua. Mbona asinunue?”

“Tukiviondoa watu watafika popote siku ya kwanza. Wakifika popote watauliza kuna nini. Sasa utawaambia kuna nini?”

Tone la maji likaanguka ndani ya ndoo. Mchoraji wetu, dada mpole anayechora kila jengo la gemu, alikuwa ameinama kwenye kioo chake kama hatusikii.

Jumamosi, 30 Machi

Mama ametupa pedi ukutani. Alikuwa amefika chini ya kilima kwa mara ya kwanza, anakaribia kabisa, vikamjia vitatu kwa nyuma. Hakupiga kelele wala kutukana. Alitupa tu, kwa mkono wa kulia, halafu akauchukua ule wa kushoto akaufunika kwa shali kama mtu anayefunika maiti.

“Nimechoka kuumwa na vitu visivyo na maana,” akasema. “Mwambie Kaka Mkubwa chumba chake nimekubali.”

Nikatamani nilie. Nimeokota pedi. Haijavunjika. Kaka Mkubwa sijampigia.

Jumanne, 2 Aprili

Siku tatu mkono haujatoka kwenye shali. Leo nimefanya kitu. Nimechukua nakala ya gemu iliyoko nyumbani nikabadilisha sehemu moja ndogo: vinyangarika visimwone anayecheza kwenye televisheni yetu. Vitakuwepo, vitakula nyasi, ila yeye kwao ni upepo. Kazini nisingethubutu. Hapa nyumbani bosi ni mimi.

Jioni nikamwambia, “Mama, jaribu mara moja tu, kwa ajili yangu.” Akajaribu kwa ajili yangu, uso ukiwa mahali pengine. Akapita nyasi. Akapita kichaka. Kimya. Nikaona mabega yake yanashuka, dole gumba linasukuma polepole, mtu wake anatembea kwenye mvua ya gemu bila mtu kumsumbua. Akasimama kuangalia ua. Mimi nilikuwa jikoni najifanya naosha vikombe, na nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Jumatano, 3 Aprili

Ningejua nisingefanya.

Nimerudi kazini, nimekuta Mama ameketi wima, pedi mkononi, mtu wake amesimama katikati ya kundi zima la vinyangarika. Hatembei. Amesimama tu.

“Njoo,” akasema. “Mbona hawa hawaji?”

“Labda wameanza kukuogopa, Mama. Umekuwa hodari.”

“Ee?”

Akainua upanga akakipiga kimoja. Kikafa. Wenzake wakaendelea kula nyasi. Akapiga cha pili. Cha tatu kilikuwa kimesimama karibu kabisa na ubavu wake, kikatafuna, kikatazama upande mwingine.

“Nimewaua ndugu zao wawili mbele ya macho yao,” Mama akasema, “na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Sasa hodari ni mimi au kuna mtu amewasemesha?”

Nilitafuta uongo wa pili sikuupata. Nikamwambia ukweli. Nilisema nilitaka afike, nilisema nimeona anavyoteseka, nilisema mkono, nilisema chumba cha Kaka Mkubwa. Nilisema mengi mno, na kila neno lilikuwa linazidi kuharibu.

Aliweka pedi mezani taratibu. Akaushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauinua mbele yangu, kiganja kikinielekea.

“Huu mkono ulikuwa ukisimamisha malori ya tani thelathini. Dereva amelewa, ana haraka, ana rungu chini ya kiti, mimi niko barabarani na gauni na filimbi. Anasimama. Baada ya ugonjwa daktari akanihurumia, nikasema sawa, ni kazi yake. Wanangu wananihurumia, nikasema sawa, nimewazaa mwenyewe. Wewe nilikupenda kwa sababu ulikuwa unanijibu. Nikikuambia vitunguu unanuna, nikikuambia nguo unabamiza mlango. Nikasema huyu angalau ananiona mtu. Kumbe umekwenda mpaka kwa wadudu, wadudu wa kwenye televisheni, ukawaambia, huyo mwacheni, huyo mgonjwa.”

“Mama, sikusema hivyo.”

“Ulisema nini?”

Na kweli, nilisema hivyo hasa. Nimeyaandika kwa mikono yangu.

Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Mume wangu aliporudi akauliza kuna nini. Nikamwambia akatazame dirisha la jikoni.

Alhamisi, 4 Aprili

Hasemi nami.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua kubwa, barabara imefungwa, nimefanya kazi nyumbani. Kutwa nzima watu wawili ndani ya nyumba na hasemi. Nimekata vitunguu vibaya makusudi, vipande kama mawe. Amekula kimya.

Jumapili, 7 Aprili

Hasemi. Sikujua mtu anaweza kutamani kukosolewa.

Jumanne, 9 Aprili

Asubuhi nikiwa navaa viatu nikasikia nyuma yangu, “Rudisha wadudu wangu.”

Nimechelewa kazini. Nimevua viatu, nikarudisha vinyangarika vyote na meno yao yote.

“Na usiwapunguze,” akasema. “Nitawajua.”

Jumamosi, 13 Aprili

Amekufa mara nyingi kuliko siku zote. Ana hasira na mimi, ana hasira na kilima, na hasira hiyo ndiyo inayoamka kabla yetu asubuhi na kuwasha televisheni. Nikimletea chai anasogeza kichwa nisimzibe.

Ameniambia chai ni ya moto mno. Nimefurahi, nikaenda kuipooza.

Alhamisi, 18 Aprili

Mtaalamu wa viungo amekuja. Akamwambia Mama aguse kila kidole kwa dole gumba. Akagusa cha shahada. Akagusa cha kati. Cha tatu kikatetemeka, akakigusa. Mtaalamu akaniangalia.

“Mpira umefanya kazi.”

Mpira uko chini ya kochi mpaka leo, una vumbi. Kilichofanya kazi ni vinyangarika. Ni kule kulazimishwa kugeuka kila hatua tano, kuinua ngao, kugeuka, kuinua ngao, na kitu kisichochoka wala kukuonea huruma. Ningeliviacha vimpishe, angetembea kwa raha huku kidole kimelala.

Hili limeniudhi kuliko nilivyotarajia. Kwa hiyo Saa Mia alikuwa na haki? Hapana. Yeye alitaka saa tu. Lakini siwezi tena kuvichukia kwa moyo wangu wote kama zamani, na nilikuwa nimezoea.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Vitunguu. Kifo kimoja tu.

Jumamosi, 27 Aprili

Amefika.

Mume wangu alikuwepo, nami nilikuwepo, hakuna aliyekaa. Alipanda kilima chote akiwa na vinyangarika vinne nyuma yake. Alikuwa hakimbii, hawezi kukimbia. Anapanda kidogo, anageuka, ngao, upanga, anapanda kidogo. Kidole cha shahada kilikuwa kimekakamaa kwa kukaza. Mume wangu alinishika mkono akaniumiza. Cha mwisho kilikufa mlangoni kabisa. Kukawa kimya, upepo wa gemu tu, na nchi yote iko chini yake, na kweli ni nzuri, sikujua tumechora nchi nzuri hivyo.

“Haya,” Mama akasema. “Hodi.”

Akabonyeza kufungua mlango wa buluu. Haukufunguka. Akabonyeza tena. Akazunguka nyumba, polepole, akakuta dirisha. Dirisha lilikuwa rangi tu. Akarudi mlangoni, akasogea karibu mpaka kioo kikajaa buluu, na hapo tukaona wote watatu kwamba mlango nao ni rangi. Hauna ndani. Nyumba ile haina ndani.

Nilitaka sakafu inimeze.

Mama akaanza kucheka, kicheko cha kweli, mpaka akafuta machozi. Alifuta kwa mkono wa kushoto, na hakujua.

“Kumbe walikuwa wanalinda hewa,” akasema. “Maskini. Vita yote ile.”

Jumatatu, 29 Aprili

Nilimfuata Mchoraji kabla sijaweka mkoba. Kwa nini nyumba ya kilimani haina ndani? Akaona aibu. Alisema aliomba mara mbili achore chumba, kiti, meza, hata sufuria jikoni, akaambiwa aache, hakuna atakayefika mapema hivyo.

Saa Mia akasikia. Alitoka ofisini kwake ameshika kikombe.

“Nani amefika?”

“Mama mkwe wangu.”

“Yule mwenye mkono?” Alitikisa kichwa, akafikiri, nami kwa sekunde moja nikadhani ataniambia tuchore chumba. “Basi vimepungua pale. Kama yeye amefika, kila mtu atafika. Ongeza pale kilimani.”

Nimeongeza. Naandika hili kwa sababu ndilo lililotokea. Sina kazi nyingine, na mvua bado inaingia kwenye ndoo, na nimeongeza.

Jumapili, 5 Mei

Mvua zimekatika, na Kaka Mkubwa amekuja kuamua.

Alikuja na mkewe, na ramani ya chumba kilichopakwa rangi, na moyo mzuri. Lazima niandike hilo, moyo wake ni mzuri. Alimbusu mama yake kichwani. Mtaalamu wa viungo alikuwa ameshaandika kwamba Mama anaweza kujihudumia, ingawa kwa mwendo wake. Kaka Mkubwa alisoma akasema, “Wataalamu wanasema yao.”

Mama akasema atatia chai yeye mwenyewe.

Akashika birika kwa kulia, akaliegemeza kwa kushoto. Likatetemeka. Tone likaanguka kwenye sahani. Mke wa Kaka Mkubwa akaruka, “Lete, mama, lete.” Mume wangu akasogeza kikombe. Kaka Mkubwa akashika kifuniko. Mimi nikakuta nimesimama na kitambaa mkononi. Mama akajaribu tena, tukaruka tena. Akanyoosha mkono kuchukua sukari, mikono mitatu ikafika kabla yake.

Akaliweka birika chini.

“Mnajua nimeshinda mvua nzima nafanya nini?” akauliza.

Kaka Mkubwa akasema kwa upole, “Tumesikia, mama. Gemu.”

“Kuna wadudu humo. Hakuna hata mmoja anayeniweza. Mmoja mmoja ni wa kumcheka. Lakini sipigi hatua bila mmoja kunirukia, sioni ninakokwenda, nashinda siku nzima na jioni niko palepale nilipoanzia. Nilidhani wako kwenye televisheni tu.” Akatutazama mmoja mmoja, na alipofika kwangu, na kitambaa changu, hakuniruka. “Hakuna anayenifanyia baya. Ninyi ni watoto wema. Lakini chai hii ingekuwa imeshanyweka.”

Mke wa Kaka Mkubwa alikuwa anatazama kiganja chake.

“Ukianguka?” Kaka Mkubwa akauliza hatimaye, na sauti yake haikuwa ya mtu mkubwa tena.

“Nitaanguka. Halafu nitaamka au nitawaita. Lakini niiteni mimi kwanza ndipo mje. Hapana. Ngojeni mimi niwaite.”

Akachukua birika. Tulikaa juu ya mikono yetu. Alitia vikombe vitano, na sahani zote zilikuwa zimelowa, na ilichukua muda mrefu kiasi kwamba chai ya kwanza ilikuwa imepoa alipomaliza ya mwisho. Kaka Mkubwa aliinywa yote. Ramani aliikunja akairudisha mfukoni.

Jumapili, 12 Mei

Tumemhamisha. Mume wangu ameziba paa. Nyumba inanuka unyevu lakini jua linaingia. Nilitaka kupanga vyombo, akaniambia, “Nitavipanga, nipate cha kukukosoa ukija.” Nikauliza nije lini. Akasema Jumapili. Nikasema hiyo ni wiki nzima. Akasema anajua kalenda.

Jumatatu, 13 Mei

Nimekaa ofisini sijafanya kitu cha maana. Mume wangu amenipigia mara mbili kuuliza kama Mama amenipigia. Kaka Mkubwa amempigia mume wangu kuuliza hilohilo. Nyumbani kumenyamaza mpaka friji inasikika.

Jumanne, 14 Mei

Nimeomba ruhusa mchana. Nilipika asubuhi, maharage na wali, nikatia kwenye chombo chenye kifuniko, nikajiambia napita tu, niko njiani kwenda mahali. Siko njiani kwenda mahali popote.

Dirisha la jikoni kwake linaonekana ukiwa getini. Alikuwa amesimama kwenye meza, anajaribu kufungua kopo la unga. Amelikumbatia kwa mkono wa kushoto, anazungusha kwa kulia. Likateleza. Likaanguka, unga ukamwagika kidogo. Akainama, na kuinama kwenyewe kulichukua muda. Akaliokota. Akaliweka tena kwenye ubavu, akaanza upya. Midomo ilikuwa inacheza, kwa hiyo alikuwa anatukana. Likateleza tena.

Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo la geti. Ningelifungua kopo lile kwa pigo moja. Ningeingia, ningesema “lete, Mama,” ningefungua, ningefagia unga, ningepakua wali, na yeye angenishukuru.

Likateleza mara nyingine. Nikaondoa mkono.

Sikungoja kuona kama lilifunguka. Niligeuka nikatembea hadi nyumbani na chombo kifuani, njia nzima nina hasira na kopo, na mkono ule, na mimi mwenyewe. Nimekaa jikoni nimekula chakula kile peke yangu kikiwa kimeshapoa, na hasira haikuisha mpaka kijiko cha mwisho.